Betri Zilizochoka

Lipangalala, Ifakara
6 Agosti 1995

Shangazi Scolastica, shikamoo.

Naamini barua hii itakukuta mzima hapo Tukuyu, na kwamba miguu imepumzika kwa vile umestaafu na huzunguki tena wodini. Sisi huku tupo. Mpunga umevunwa, ghala limejaa na panya nao wanatoa shukrani. Mama anakusalimu, anasema kile kitenge ulichomtumia ndicho anachovaa kanisani. Baba hajambo.

Shangazi, nina habari, ila usicheke. Tumeanzisha kundi la muziki. Tuko watatu: mimi, Salvatory fundi redio wa pale karibu na soko, na Ritha binti wa jirani yetu, ambaye ana masikio kutushinda sisi wote wawili. Kinanda tulikipata kanisani. Kwaya walikuwa wamekitupa stoo, Salvatory akakifufua, lakini vibonye vinne vimegoma kabisa. Kwa hiyo nyimbo zetu zote zinaruka sauti hizo nne, kama mtu anayekwepa madimbwi njiani. Ngoma zinatoka kwenye vyombo alivyoviunga Salvatory mwenyewe kutoka redio mbovu. Kimoja kinalia tik-tik, kingine kinalia kama chura aliyekabwa koo. Hakuna mwimbaji. Tunataka tuwe tunachezesha harusi.

Nimempa gadi wa treni ya Mbeya kaseti yetu ya kwanza akufikishie. Ina nyimbo tano. Katika ule wa tano nimeficha kitu, ukikigundua niandikie.

Shangazi, tangu msiba wa Bibi mwaka 1983 hujakanyaga Ifakara. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sasa nanyoa ndevu. Ukija Krismasi tutakupigia muziki wewe peke yako.

Mwanao anayekukumbuka,
Lukelo


Tukuyu
17 Septemba 1995

Mwanangu Lukelo, marahaba.

Barua na kaseti vimefika vikiwa na vumbi la mkoa mzima. Miguu ningali ninayo, asante kwa kuiulizia. Mvua ya huku haijui kiangazi, nguo nimezianika jikoni tangu Jumatatu. Jirani yangu Yosefina amechimba viazi, akaniletea debe zima. Sijui anadhani nina watoto wangapi humu ndani. Msalimu sana mama yako.

Sasa hiyo kaseti. Unasema ni muziki wa harusi. Harusi ya nani, ya kobe? Nimeisikiliza nikiwa nachambua maharage, na mikono ikasimama. Unakwenda polepole, kinanda kinavuta sauti moja mpaka naisubiri iishe na sitaki iishe, na huyo chura wenu analia kwa mbali kama yuko upande wa pili wa mto. Sijui muziki wa namna hiyo unaitwaje. Si wa kuchezwa, ni wa kukaa ndani yake. Nilikaa, maharage yakalala bila kuchambuliwa.

Ila wimbo wa tano, Lukelo, usifanye mchezo na wazee. Ile ni sauti ya baba yangu. Ni babu yako Hilari, yuko juu ya dungu, kile kichanja chake cha miti shambani, anainga ndege wasimalize mpunga: hoooya, hoooya we, halafu anaikata ghafla mwishoni. Utoto wangu wote niliumalizia chini ya dungu lile nikiwa nimembeba mtoto mgongoni. Baba alifariki mwaka 1961. Nyumbani kwetu hapakuwa na redio, sembuse chombo cha kunasa sauti. Nani kakupa? Nimelia, nakwambia wazi. Nimeirudia mara saba hadi mawe ya redio, ninyi vijana mnaita betri, yamekufa kabisa. Nilikuwa nayaanika juani tangu Pasaka, na jua lenyewe la huku unalijua.

Nijibu upesi, na usinifiche kitu.

Shangazi yako,
Scolastica


Lipangalala, Ifakara
8 Oktoba 1995

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mvua bado huku, tunatifua mashamba na kutazama mawingu. Mama hajambo, ila ng'ombe wa wafugaji wamepita kwenye bustani yake ya mchicha na hadi leo anaongea peke yake.

Shangazi, nisamehe kukutisha. Ile si sauti ya Babu. Ni ya Baba, mdogo wako Eustaki. Mwezi wa tano nilikwenda naye shambani ng'ambo na redio ya Salvatory, nikamnasa akiwa juu ya dungu. Sikukuandikia jina lake kwa sababu niliogopa usingesikiliza.

Sasa kilichotokea ni hiki. Nilimsomea Salvatory barua yako. Nilipofika kwenye betri kuanikwa juani, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Betri zikichoka, kaseti inazunguka polepole na sauti inashuka, mtu mwembamba anakuwa mnene. Sisi tulinasa kwa betri mpya, wewe ukasikiliza kwa marehemu. Muziki wetu ni wa kuchezesha kweli kweli, unakimbia kama kuku! Huo ulioukalia wewe hatukuupiga.

Ritha hakucheka. Alisema, "Hebu na sisi tuusikie huo wa Shangazi." Tukaomba betri mbovu kwa muuza duka. Shangazi, ulikuwa kweli. Muziki tuliokuwa tunaujua ukatugeukia kama mgeni. Vile vibonye vinne vilivyokufa, ambavyo tukikimbia vinasikika kama makosa, kwa mwendo huo vikawa ni pumzi. Ritha akasema, "Mnaona? Tulikuwa tunakimbia bure."

Jioni nikampelekea Baba wimbo wa tano, kwa betri zile zile. Alikuwa anasuka kamba barazani. Sauti ilipoanza akasimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Baba." Sikujua nitazame wapi. Ulipoisha aliuliza ni nani aliyegundua. Nikasema ni wewe. Akakaa, akaniambia nirudie.

Baba hajambo. Siku hizi anaongea kidogo, lakini unamjua.

Wako,
Lukelo


Tukuyu
12 Novemba 1995

Mwanangu Lukelo,

Marahaba. Nimepokea. Kumbe nimelilia betri! Yosefina nimemsimulia, amecheka hadi kikohozi kikamshika, na sasa kila akinikuta ananiuliza mawe yangu yameamkaje.

Lakini nakwambia jambo moja kama mtu mzima. Muziki ule muushike. Harusi zina bendi nyingi. Mtu anayetaka kukaa akamkumbuka baba yake amwendee nani? Ninachojiuliza ni kwamba nikiweka betri nzima, muziki unakuwa wa kuku tena. Huo upole mtaukamataje?

Katika kifurushi hiki utakuta betri thelathini na kitu. Nimezunguka kwa majirani na kwa wauguzi wenzangu wa zamani nikiomba zilizokufa. Wamejua sasa kwamba uzee umenipanda kichwani. Zote nimezifunga kwenye gazeti.

Kuhusu baba yako kuvua kofia, nimesoma. Kuhusu kwa nini siji huko, kama hujui muulize yeye.

Na kundi halina jina? Mtoto haitwi "wewe".

Shangazi S.


Lipangalala, Ifakara
14 Januari 1996

Shangazi, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Tumepanda. Mto umejaa, barabara ya kwenda kivukoni ni tope tupu. Mama alipata malaria baada ya Krismasi, sasa ameinuka na ameanza kutugombeza, ndiyo tukajua amepona.

Kifurushi chako kimekuwa hadithi stesheni nzima. Karani alipoona ni betri mbovu kutoka Mbeya alimwita mwenzake aje kushuhudia. Salvatory amezipanga kwenye makasha matatu, na kwa heshima ya kazi yako ameyaandika: WAGONJWA WA NJE, WALIOLAZWA, MAHUTUTI. Upole tunaukamata hivi. Tunapiga, tunanasa. Kisha tunaisikiliza kwenye redio yenye betri mahututi, huku redio ya pili iliyochomekwa kwenye umeme pale kwa Salvatory inanasa yale yanayotoka. Hapo upole umefungwa ndani. Hata ukiweka betri mpya haukimbii tena. Ritha naye anatega redio kwenye majaruba, ananasa vyura, maji yakipita kwenye mfereji, akina mama wakiitana. Salvatory anataka ngoma, Ritha anataka vyura. Mimi nipo katikati naomba amani.

Jina tumepata. Tunaitwa Dungu.

Mambo yote si asali. Tulialikwa harusi Kiberege, tukapiga ya polepole, wageni wakakaa chini wote, bibi harusi naye akakaa. Mjomba wa bwana harusi alikuja kutuuliza kwa upole nani kafa. Tulipeleka kaseti redioni, tukajibiwa kwamba muziki si mbaya, tutume tena tukishapata mwimbaji. Lakini wiki iliyopita pale kivukoni watu walikwama tangu asubuhi wakingoja maji yatulie. Ritha akawasha kaseti juu ya gunia. Hakuna aliyesema zima. Mama mmoja mwenye kuku akamwambia, "Binti, hiyo ni kama kungoja, ila haichoshi." Salvatory ameiandika sentensi hiyo ukutani. Nakutumia kaseti ya pili, ndiyo yenyewe.

Nilimuuliza Baba, kama ulivyosema. Alimaliza kwanza kamba aliyokuwa anasuka. Kisha akaniambia kwamba mwaka ule walimzika Bibi bila wewe, kwamba simu ya maandishi ilipelekwa na hukuja, na kwamba yeye mbele ya matanga yote alisema, "Dada yangu ni muuguzi wa mama za watu." Akasema, "Alifika siku ya tatu, watu wakamwambia nilichosema. Akageuka na begi lake." Akainuka akaenda zake bandani.

Njoo Pasaka, Shangazi. Baba hajambo, ni kikohozi cha vumbi tu.

Wako,
Lukelo


Tukuyu
25 Februari 1996

Lukelo,

Salamu za nyumbani ni zile zile, mvua na viazi. Leo sina utani.

Kaseti ya pili nimeisikiliza kwa betri mpya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kununua mpya tangu nistaafu, na upole wenu ulikaa humo humo kama ulivyosema. Nilifurahi, nikajivunia. Nikasema, kwa vile betri zipo, nimsikie na mdogo wangu kwa sauti yake mwenyewe. Nikaweka kaseti ya kwanza, wimbo wa tano.

Nimeuguza watu miaka thelathini na miwili. Kwa betri zilizochoka nilimsikia baba yangu, na furaha ile ikaniziba masikio. Kwa betri nzima nimemsikia Eustaki, na koo lake. Ile hoooya haikatwi mwishoni kwa mtindo wa Baba. Inakatika yenyewe. Kuna mkwaruzo ndani yake, na kabla ya kuita tena anameza, anangoja, anameza. Ulinasa mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa pili, nawe unaniandikia kikohozi cha vumbi wakati wa masika.

Tangu lini? Anameza chakula gani? Amekonda? Kuna damu? Jibu maswali yote manne, moja moja, kama unavyomjibu daktari.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nitoe wa kwangu. Mwaka 1983 ile simu ilinifikia siku ile ile. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa peke yangu zamu, na mwanamke kitandani alikuwa na mapacha, wa kwanza ametanguliza mkono. Niliiweka karatasi mfukoni nikanawa mikono. Watoto waliishi wote wawili. Nilikosa treni, na iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili. Kwa hiyo baba yako alisema kweli, na ndiyo sababu nilishindwa kumsamehe. Uongo ningeusamehe zamani.

Scolastica


Lipangalala, Ifakara
10 Machi 1996

Shangazi, shikamoo.

Tangu mwezi wa nne mwaka jana. Uji, na siku nyingine hata uji haupiti vizuri. Amekonda, Mama amempunguzia suruali mara mbili. Damu ndiyo, kidogo, tangu Krismasi.

Alinikataza. Alisema, "Usimpe dada sababu ya kunihurumia. Akija, aje kwa kupenda." Nami nikakutii wewe kwa nusu na yeye kwa nusu, nikawakosea wote. Kila nilipoandika Baba hajambo mkono ulikuwa mzito. Sauti imebaki mnong'ono. Ule wimbo wa tano ndio sauti yake ya mwisho nzima tuliyonayo, na hata hiyo umeniambia haikuwa nzima.

Barua yako nimemsomea. Yote, hadi mapacha. Alinyoosha mkono akaichukua, akaiweka mfuko wa shati.

Shangazi, njoo. Sikuombi tena kwa ajili ya muziki.

Lukelo


Shambani, ng'ambo ya mto
18 Mei 1997

Mwanangu Lukelo, uliyepotelea Dar es Salaam,

Marahaba ya barua tatu, maana zote zimefika kwa pamoja, zililetwa na mvuvi ndani ya mfuko wa chumvi. Mama yako hajambo, yupo mjini na kuku wake. Mpunga umechanua vizuri na ndege kwelea nao wamepata habari. Msalimu Salvatory. Msalimu Ritha mara mbili, na acha kuniandikia habari zake kana kwamba ni za mtu baki. Mimi si kipofu.

Ni mwaka sasa na miezi miwili tangu niteremke pale stesheni, nawe ukalibeba begi langu. Hatujapata nafasi ya kuandikiana kwa vile tulikuwa tunaishi nyumba moja, na kabla ya hapo sakafu moja ya wodi. Kwa hiyo nikuandikie sasa. Ulipokuwa unalala chini ya kitanda cha baba yako wakati ule wa upasuaji, nilikuwa nakutazama nikisema, huyu mtoto amenirudisha nyumbani kwa kaseti. Nakushukuru. Imekaa kifuani muda mrefu, sasa nimeitoa.

Mgonjwa wetu anaendelea vizuri. Ugonjwa walioutoa haujarudi, na sauti iliyoondoka nao haijarudi pia. Anapumulia tundu lake la shingoni, analifunika kitambaa safi kila asubuhi bila kukumbushwa. Daftari lake la nne limejaa. Zamani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sasa kwa kuwa anaandika hanyamazi. Jana ameniandikia ukurasa mzima kuhusu namna ninavyopika wali.

Kuhusu lile la 1983, aliniandikia mara moja tu, siku ya kwanza aliponyanyuka kitandani. Ilikuwa mistari mitatu. Hiyo sitakuandikia. Karatasi ninayo, na nitazikwa nayo.

Kazi yetu huku ni hii. Yeye anakaa juu ya dungu, anavuta kamba za makopo. Mimi nakaa pembeni yake kwenye kigoda na kupiga kelele, kwa maana koo zima ni langu. Ngazi ya kupanda ni adhabu kwa magoti yangu, lakini nikishafika juu nauona mpunga wote mpaka kwenye matete, na mdogo wangu yuko ubavuni, na sina ninachotaka zaidi.

Sasa hilo la studio. Unasema mwenye studio anakataa kutoa nakala za kaseti yenu kama ilivyo, kwa sababu ina kasoro ya mwendo, na kwamba ataiharakisha ikae sawa, bure, kama msaada. Na Salvatory anaelekea kukubali kwa sababu mmechoka kuzunguka. Lukelo, mshukuru bwana huyo na uichukue kaseti yako. Rudini muinakili kwa redio zenu mbili, moja moja, hata kama itachukua mwaka. Pale kivukoni watu bado wananiuliza Dungu watatoa lini nyingine. Mwambie Salvatory asome ukuta wake.

Baba yako ananivuta mkono, anataka kalamu. Anasema, yaani anaonyesha, kwamba nimeandika vya kutosha.

Shangazi yako,
Scolastica

*

Mwanangu Lukelo. Hapa ni Baba.

Shangazi yako anainga ndege vibaya. Anasema nao kama wagonjwa, taratibu, na wao wanaendelea kula. Nimemwambia akae hata baada ya mavuno, amekubali.

Usikubali wakuharakishie muziki.

Mkirudi njoo na ile kaseti ya kwanza, wimbo wa tano, na redio yenye sauti kubwa. Tutaifunga kwenye nguzo ya dungu. Betri zilizochoka uache nyumbani, hizo tutamsikilizia Babu yako Jumapili. Huku shambani lete mpya. Nataka ndege wanisikie mimi.